Jiofizikia ndani ya beseni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyependekeza mada ya jiofizikia, yaani fizikia ya dunia na yaliyo chini ya ardhi, iondolewe katika fizikia ya sekondari, eti kwa kuwa shule hazina mashine za kuifundishia. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima maeneo ya kuchimba visima. Nilipostaafu nikarudi kwetu Muleba, na sasa najitolea kufundisha katika shule moja ya kata.

Kwamba mada hiyo inafundishwa vibaya, hilo sibishi. Miaka yote imekaa mwishoni mwa fizikia ya kidato cha nne, mahali ambapo mwalimu hufika akiwa hoi na mtihani umeshabisha hodi. Wanafunzi wananakili ubaoni matabaka ya dunia na majina ya mawimbi ya tetemeko, tena kwa Kiingereza, kisha daftari linafungwa. Lakini hiyo mashine ya kupimia ardhi anayoitaka mwenzangu nimeibeba begani kwa miaka, na naijua tumbo lake. Unapigilia vyuma vinne ardhini kwa mstari mmoja, unapitisha mkondo wa umeme kwenye viwili vya nje, unapima volteji kati ya viwili vya ndani. Ukitanua nafasi kati ya vyuma, mkondo unazama zaidi na kukuletea habari za chini zaidi. Ndiyo kazi yenyewe.

Kwetu tunaifanya juu ya meza. Tuna beseni la plastiki lenye mchanga uliolowa, misumari minne, betri ya volti 9 na malitimita mbili za fundi umeme, moja ya mkondo na nyingine ya volteji. Siku ya kwanza nilitumia karai la zege, la chuma, na vipimo vikawa vya ajabu kabisa. Binti mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyegundua kwamba umeme ulikuwa unakimbilia kwenye karai badala ya kupita mchangani. Mimi, mpimaji mstaafu, nilikuwa nimekaa nakuna kichwa.

Kabla hawajaingia, nafukia mfuniko mpana wa plastiki, sentimita chache chini ya mchanga. Wanaanza na misumari iliyoachana sentimita 2, halafu 3, 4, mpaka 6. Kila mara wanazidisha 2 kwa pai, kwa umbali huo, kwa volteji, wanagawanya kwa mkondo, wanapata ukinzani wa mchanga. Kila kipimo wanakirudia baada ya kugeuza nyaya za betri, wanachukua wastani, maana misumari yenyewe huzalisha volteji kidogo ndani ya mchanga mbichi. Namba zikianza kupanda, wanajua chini kuna kitu kinachozuia umeme. Wanachora grafu, wanabishana kina chake, ndipo nawaruhusu kufukua kwa mkono. Kelele za dakika hiyo zinanitosha kwa mshahara. Na yule anayenyamaza darasani kwa kuogopa Kiingereza, hapo ndiye msemaji mkuu.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la pili. Kwenye beseni moja natandika udongo wa mfinyanzi chini ya mchanga, kwenye jingine mchanga uliomwagiwa maji ya chumvi. Kwenye mabeseni yote mawili namba zinashuka. Nani ana mfinyanzi, nani ana chumvi? Kwa namba hizo peke yake huwezi kusema kwa uhakika. Mimi sikuonyeshwa hivyo nikiwa kijana. Nilikuja kufunzwa na kisima kimoja karibu na bahari, Dar es Salaam: namba zilikuwa ndogo, nikaandika kwamba ni tabaka la mfinyanzi na chini yake kuna maji safi, wakachimba, yakatoka maji ya chumvi. Mwenye kiwanja alikuwa ameuza ng'ombe. Ningepitia beseni kwanza, ningemwambia asubiri tuulizie visima vya majirani kabla ya kuita mtambo.

Kuhusu matetemeko, hapa Kagera hatuhitaji kutafuta mfano wa mbali. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Baada yake watu walitumiana ujumbe wa simu uliotaja mpaka saa ambayo jingine lingekuja. Hata mimi niliupata. Dawa ya uzushi huo ni tofali, msasa na mpira wa manati. Gundisha msasa juu ya meza na chini ya tofali, funga mpira, vuta polepole kwa mwendo uleule. Tofali linagoma, linagoma, halafu linaruka, kama miamba inavyofanya wakati wa tetemeko. Pima kila mruko kwa rula. Wanafunzi wangu wanavuta mara 20, na hakuna aliyewahi kubashiri mfululizo mruko ujao utakuwa lini wala wa urefu gani, ingawa wote wanajua kwamba utakuja. Zoezi linachukua kipindi kimoja.

Ombi langu ni kwa watunzi wa mtihani wa vitendo. Swali la umeme huwa linatoka. Basi mwaka mmoja watie beseni la mchanga badala ya waya tuliozoea. Likishatoka kwenye mtihani, hakuna mkuu wa shule atakayesema hana fedha. Mchanga wetu tuliuchota ziwani, misumari ilibaki kwenye ujenzi wa choo, na tulichonunua ni malitimita na betri tu.

Mpima visima mstaafu,
Muleba, Kagera