Perry hakuwa wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu mwaka wa ishirini na tatu huu na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mashindano ya tenisi ya Wimbledon imenishinda. Mmesema Andy Murray alipotwaa ubingwa mwaka 2013 alikata kiu ya Uingereza ya miaka 77, tangu Fred Perry mwaka 1936. Mkarudia hesabu hiyo chini ya picha.

Mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya Perry, mwanamke Mwingereza, Dorothy Round, alitwaa ubingwa wa Wimbledon, tena kwa mara ya pili. Seti ya tatu alikuwa nyuma 1-4 mbele ya Jadwiga Jędrzejowska wa Poland, akaimaliza 7-5. Mara ya kwanza ilikuwa 1934, alipomfunga Mmarekani Helen Jacobs, katika mashindano yale yale yaliyompa Perry taji lake la kwanza. Halafu 1935 na 1936 wawili hao wakacheza upande mmoja wa wavu na kubeba taji la jozi za mwanamke na mwanamume! Mnamtajaje Perry wa 1936 mkaacha kumwona mama huyu aliyesimama naye uwanjani? Huyu ndiye aliyekwenda Australia mwaka 1935 akawa mwanamke wa kwanza kutoka nje kuchukua ubingwa wao. Alikuwa akifundisha watoto shule ya Jumapili huko Dudley, na siku hiyo ya Mungu hakushika raketi hata mashindano yawe makubwa vipi. Baada yake walikuja Waingereza wenzake, Angela Mortimer 1961, kisha Virginia Wade 1977. Hiyo miaka 77 mmeihesabia wapi?

Jambo hili linaniuma kwa sababu yamenikuta. Nikiwa kidato cha tatu nilicheza netiboli, nafasi ya GK, yaani mlinda goli, na tulichukua kombe la wilaya. Wavulana wetu walitolewa nusu fainali ya mpira wa miguu. Jumatatu mstarini mwalimu mkuu akawapa pole wavulana, akasema mwaka huo shule imerudi mikono mitupu. Mikono mitupu! Sisi tumesimama pale, wengine magoti bado yana vidonda. Wiki hiyo hiyo nilitumwa stoo kuchukua chaki, nikalikuta kombe letu sakafuni limewekewa mawe ndani, linazuia mlango usibamizwe na upepo. Mkono mmoja ulikuwa umeshapinda. Niliyatoa mawe, nikalifuta kwa sketi yangu, nikalipandisha juu ya kabati. Kesho yake lilikuwa mlangoni tena.

Na tukiwa hapo hapo, ukurasa wenu wa michezo wa Jumatatu una nafasi ya mikeka ya ligi za Ulaya hadi daraja la tatu, lakini matokeo ya netiboli ya wanawake hupata mistari miwili, bila hata jina la mfungaji.

Naomba jambo dogo. Bandikeni karatasi juu ya meza ya dawati la michezo, kwa kalamu nene: Round 1937, Mortimer 1961, Wade 1977, Murray 2013. Na mwandishi akitaka kuandika “tangu Perry”, aongeze “kwa wanaume”. Maneno mawili hayo yanaenea hata chini ya picha.

Msomaji wenu,
Tanga