Barua ya wazi: Kamera iliona viganja vyangu, haikuiona gololi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Kamari,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Ama baada ya salamu nyingi kutoka Malindi. Mimi ni mtoto wa Shela, hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Nilikuwa dila wa ruleti kwa miaka sita, yaani nilisimamia meza ya kasino ambapo gololi huzungushwa kwenye gurudumu na watu hubahatisha itatua namba gani. Najua wengi mtaani hawapendi kuisikia kazi hiyo, na bibi yangu alifariki akiamini nafanya mapokezi hotelini. Lakini mshahara ule ndio uliolipa karo ya wadogo zangu wawili, kwa hiyo naandika bila haya, kukuomba kanuni nzuri za kamera za kasino.

Asiyewahi kuingia kasino apate picha kidogo. Sare ya dila haina mifuko. Ukiondoka mezani unapiga kofi moja, unavikunjua viganja juu na chini ili kamera ya darini ione kwamba hukuchukua kitu. Ukijikuna shingo, unavionyesha tena. Nilizoea hata nikawa nafanya hivyo nyumbani nikiinuka mkekani baada ya kula, watoto wakivunjika mbavu.

Usiku mmoja wa Desemba, mji umejaa wageni, gololi ilitua kwenye 17. Nilipoinua macho kutoka kwenye gurudumu nikaona mezani, juu ya namba hiyo, chipsi (kile kidude cha duara kinachochezewa badala ya pesa) ya shilingi 500 ambayo sikuwa nimeiona. Huu ni wizi wa kale kabisa wa ruleti: mtu anasubiri gololi itulie, dila akigeuka tu, mkono unapita na kuweka chipsi kwenye namba iliyoshinda. Nikamwita msimamizi. Mgeni akaapa kwamba aliiweka mapema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Msimamizi akaninong'oneza, "Mlipe, dadangu, tusiharibu usiku." Namba moja kwenye ruleti hulipwa mara 35. Nikamhesabia 17,500.

Kesho yake nikaitwa ofisini kuulizwa nilipanga nini na yule mgeni.

Nikasema, si kamera zipo? Tazameni. Wakatazama. Kamera ya meza yangu ilikuwa imenilenga mimi na sinia langu la chipsi, na gurudumu lilikuwa nje ya picha. Sasa bila kuiona gololi, nani atajua chipsi ilitangulia au ilifuata? Palikuwa na kamera nyingine upande wa mgeni. Nikaomba rekodi yake. Nikaambiwa njoo kesho, njoo kesho kutwa. Siku ya tisa nikaambiwa mashine inahifadhi wiki moja tu, kisha inaandika juu ya za zamani. Nilikatwa 3,500 kwa mwezi, miezi mitano. Kasino hiyo siitaji, na pesa zile nimeshazisamehe. Kinachonikera ni kwamba jicho lile la darini lilinichunga miaka sita, na siku moja niliyolihitaji mimi, halikuwa na la kusema.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 imeichukulia nafasi ile ya 1966, ya enzi ambazo hakuna aliyewaza kamera darini, na kanuni zinazoifuata ndizo zitakazosema kamera ielekee wapi. Naomba zisiishie kwenye maneno "kasino iwe na kamera". Kasino ile ilikuwa nazo tele.

Kule Nevada, Marekani, kanuni zinataka meza ya ruleti na gurudumu lake vyote vionekane. Zinataka picha iwe safi kiasi cha kumtambua mchezaji, kuona dau zilivyowekwa na kusoma karata. Rekodi za kawaida hukaa angalau siku 7, na za mtu aliyezuiliwa na kuhojiwa hukaa siku 30. Hilo la gurudumu lichukueni kama lilivyo. La siku 7 msilichukue. Mimi nilizungushwa siku tisa, na aliyenizungusha alijua fika mashine yake inafuta lini. Mtu akishalalamika, awe dila au mchezaji, rekodi ya usiku huo iwekwe kando saa hiyo hiyo, isiguswe mpaka shauri liishe.

Na aliyeshtakiwa aoneshwe. Hapa hamhitaji hata kubuni jipya: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake mwenyewe, na sura yangu na mikono yangu ni taarifa zangu. Wakati ule sheria hiyo haikuwapo. Leo ipo, ila dila gani wa Malindi ameambiwa?

Kuna jambo la umeme pia, ambalo watu wa Nairobi huenda wakaliona dogo. Hapa stima ikipotea, taa za ukumbi hurudi kwa jenereta, mchezo ukaendelea, na mashine ya kurekodi ikabaki kuwakawaka na saa yake imerudi sifuri. Kamera ziwe na betri yake, na saa ihakikiwe kila zamu. Na chumba cha kamera kisiwe chini ya msimamizi yule yule wa ukumbi, maana rekodi nyingine ingemwonyesha yeye akiniamuru nilipe.

(Zile mashine za sarafu za vibandani, ambazo watoto wa shule wanazimalizia nauli, zina barua yake. Nitaiandika.)

Wakaguzi wako wakija Malindi, waambie wasianzie ofisini kwenye chai na faili la leseni. Wakae kwanza kwenye meza ya ruleti, kiti cha mwisho, mbali na gurudumu. Waweke chipsi moja, waikumbuke namba. Kisha wapande juu chumba cha kamera na waombe waonyeshwe gololi ikitua.

Wako,
Aliyekuwa dila, Shela, Malindi