Jumamosi za filamu za kutisha, Oktoba hii

Habari za jioni wapendwa. Wenzetu wa Marekani, majani yakianza kupukutika, Oktoba nzima hukesha na filamu za kutisha hadi Halloween, tarehe 31. Huku Mbeya Oktoba ni jua na vumbi tukisubiri mvua, lakini giza tunalo, tena umeme ukikatika tunapewa la nyongeza.

Sharti ni moja: filamu ambayo hakuna kati yetu aliyeiona. Kwa hiyo filamu ya Nsyuka haimo, pole zao walioipendekeza, tunaijua hadi milio.

Tunaanza na Nosferatu ya Ujerumani, 1922. Haina maongezi, basi msiseme hamkusikia. Mjane wa Bram Stoker, mtunzi wa riwaya ya Dracula, alishtaki kwa kuwa hadithi ya Dracula ilichukuliwa bila ruhusa, na mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Chache zilinusurika, ndiyo maana tunayo. Inafuata Onibaba ya Japani, 1964: mama na mkwewe wanawavizia wapiganaji kwenye nyasi ndefu, wanawaua na kuuza silaha zao. Kwa ninavyosikia hii ndiyo kali kuliko zote, na watoto wasije kabisa. Tukipata muda, His House ya 2020, wakimbizi wa Sudan Kusini ndani ya nyumba ya Uingereza.

Ni kwangu Soweto, saa 1 usiku. Mchango 2,000 ya chai na bisi. Wa Uyole pangeni bajaji ya kurudi mapema, maana baada ya Onibaba simsindikizi mtu.