Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyota ya Tezi

Ndugu wanachama, watazama nyota wa Unguja na Pemba, assalaam alaykum.

Ya fedha atayaeleza Mshika Fedha. Waliobakisha ada wanajijua. Darubini kubwa bado iko kabatini. Kioo kimeota ukungu, na fundi aliyeahidi wiki mbili huu mwezi wa tano hapokei simu. Kwa hiyo tumetumia darubini za mkononi, na naona tumetazama vizuri zaidi.

Kaskazi yote tulishughulika na nyota moja, RS Puppis. Puppis kwa Kilatini ni tezi ya chombo, jambo lililowafurahisha sana wenzetu wa Nungwi. Kwa macho matupu haionekani. Nuru yake hujaa na kupwa kila siku 41 na nusu hivi: heliamu ya tabaka zake za juu huzuia joto, nyota ikafutuka, joto likipenya, ikanywea. Kijana wetu mmoja wa skuli aliandika "sioni tofauti" siku sita mfululizo. Usiku wa saba akaandika: "Imefifia, jirani yake wa kushoto kaipita." Daftari lile ninalo. Masika ikaingia, tukafunga.

Tusichoweza kukiona sisi ni wingu la vumbi linaloizunguka. Nuru inayotujia moja kwa moja hutangulia. Inayopiga vumbi kwanza huchelewa, kama ukelele unaokurudia ndani ya pango la Mangapwani. Ni mwangwi wa nuru. Mwaka 2010 Hubble, darubini inayozunguka angani, iliupiga picha kwa wiki tano, ukionekana kutambaa vumbini kwa kasi kupita nuru yenyewe. Hapo barazani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jawabu ni kwamba vumbi halikimbii. Taa za ngalawa zikiwashwa moja baada ya moja ufukweni, hakuna ngalawa iliyong'oa nanga.

Ucheleweshaji huo ukiupima, unapata ukubwa wa wingu, na kwa ukubwa unapata umbali. Mwaka 2008 mtaalamu wa nyota Pierre Kervella na wenzake, kwa darubini ya La Silla huko Chile, walipata miaka ya nuru 6,500 hivi. Wengine wakapinga: nani kasema vumbi lote liko usawa na nyota? Vipande vingine viko mbele, vingine nyuma. Mwaka 2014 picha za Hubble zikachunguzwa upya kwa namna vumbi linavyopanga mitetemo ya nuru, kila kipande kikajulikana kilipo, umbali ukawa kama 6,200. Mimi ubishi ule ndio ulionifurahisha kuliko picha.

Mtaalamu wa nyota wa Marekani, Henrietta Leavitt, alionyesha mwaka 1912 kwamba nyota za aina hii, kadiri zinavyopiga polepole, ndivyo zinavyong'aa zaidi. Lakini bila umbali wa hakika wa baadhi yake, hilo ni pishi la kupimia umbali ambalo hakuna aliyelihakiki.

Kaskazi ijayo Wete watatazama usiku uleule na Jambiani, wingu likiziba huku, kule wajaze daftari. Na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, tafadhalini msivitupe. Vileteni kwa Katibu.