Malalamiko Kuhusu Vinoo vya Nyembe Vilivyoandikwa Namba Zisizo Zake

Barabara ya 8,
Tanga.
17 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Saluni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VINOO VITATU NILIVYONUNUA KWENU TAREHE 24 FEBRUARI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kinyozi, huu ni mwaka wa 22. Wateja wengi nawanyoa kwa mashine na viwembe vya kutupa kama wenzangu, lakini ninao wazee tisa wasiotaka kingine ila wembe wa kizamani, ule wa kukunja kwenye mpini wake. Kila mmoja ana wembe wake ndani ya kopo lenye jina lake, na haugusi uso wa mtu mwingine. Nyingi ni za Solingen, Ujerumani, mmoja una alama ya Sheffield, Uingereza. Zote nazinoa mwenyewe. Nayasema haya ili msidhani anayewaandikia ameanza kushika kinoo juzi.

Kinoo changu cha 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi) kilikuwa kimeliwa hadi kubaki unene wa biskuti, nikaona ninunue seti nzima kwenu: 1000, 8000 na 12000, jumla shilingi 385,000. Nililipa kwa simu, mzigo ukaja na basi kesho yake. Hapo sina neno, ulifungwa vizuri.

Nianze na 1000. Hiki ndicho kinoo kinachojenga makali: pande mbili za wembe zinasagwa mpaka zikutane, na kama hazijakutana hapo hakuna kinoo cha mbele kitakachozikutanisha. Nilikuwa na wembe wenye pengo dogo. Kazi ambayo jiwe langu la zamani lingeimaliza kwa nusu saa, hili lenu lilinishikilia kuanzia baada ya Alasiri hadi adhana ya Magharibi, na pengo bado lipo. Ndipo nikafunua karatasi iliyokuwa chini ya boksi, nikakuta pameandikwa F1000. Hiyo herufi F kwenye tangazo lenu haipo. Kwa kipimo cha Kijapani, ambacho ndicho vinoo vingi vya nyembe huuzwa kwacho, chembe za 1000 zina wastani wa mikroni 11.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwa kipimo cha Ulaya, chenye hiyo F, chembe za 1000 ni mikroni 4.5 hivi. Namba ni ileile, ila hilo la pili linakaribia 3000 ya Kijapani. Jiwe si bovu, nitalitumia kama la katikati, lakini silo nililoagiza.

Kilichonifanya niandike barua hii hasa ni 8000. Hapo hakuna suala la kipimo cha nani, maana namba za F zinaishia 2000. Jiwe la 8000 lina chembe za mikroni 1.2 hivi, na wembe ukitoka hapo ubapa karibu na makali unang'aa mpaka unaona kivuli cha taa. Wangu ulitoka na ukungu wa kijivu. Nikaazima kioo cha kukuzia cha fundi saa jirani yangu, nikanoa wembe mmoja juu ya jiwe langu la zamani la 4000, mwingine juu ya 8000 yenu, nikazilinganisha. Mikwaruzo ya jiwe lenu ni mipana kuliko ya 4000, na hapa na pale upo mfereji mrefu peke yake, dalili kwamba kuna chembe kubwa zimechanganyika humo. Kwa kisu cha jikoni hayo hayana madhara, nyanya itakatika tu. Kwa wembe, kila mfereji unafika kwenye makali na kuyafanya meno ya msumeno. Mzee wangu wa Jumamosi, ambaye huwa anasinzia kitini, alifumbua macho kwenye mpito wa pili akaniuliza, "Mwanangu, leo umebadilisha wembe au umechukua tupa?" Sikumtoza.

Binti aliyepokea simu yangu alikuwa na adabu na simlaumu. Aliambiwa aseme nipitishe wembe kwenye mkanda wa ngozi mara mia. Nilipitisha mia mbili. Ngozi inanyoosha makali yaliyokwisha kunolewa, haifuti mikwaruzo ya jiwe.

Sasa hiyo 12000. Ni jiwe la asili, rangi ya moshi, lenye mishipa. Mawe ya asili nayapenda. Lile la njano la Ubelgiji, kutoka milima ya Ardennes, linanoa kwa vijiwe vigumu vya ganeti vilivyomo ndani yake, na fundi analiongoza kwa uzito wa tope linalotoka jiwe likisuguliwa na maji: tope zito linasaga, maji matupu yanalainisha. Kwa hiyo jiwe la mlimani halizaliwi na namba. Hiyo 12000 ni makadirio ya muuzaji, na tangazo lenu lilipaswa kusema hivyo. Tena limebonyea. Nilichora mistari ya penseli juu yake, nikalisugua kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo cha dirisha. Baada ya mipito 40 mistari ya pembeni ilifutika, ya katikati ilibaki kama nilivyoichora. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Katikati pakiwa na bonde, makali ya katikati yanaelea bila kuguswa na jiwe.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mnirudishie fedha za 8000 na 12000, yaani shilingi 270,000 kwa mujibu wa risiti yenu, pamoja na nauli ya mzigo. Pili, kwenye tangazo muandike kipimo kando ya kila namba, na kwenye jiwe la asili muandike kwamba ni la asili. Vinyozi vijana wananunua kwa kusoma hizo namba tu, na wembe ukikataa watajiona wao ndio hawajui kunoa.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Likikosekana nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na risiti, picha za mikwaruzo na ile karatasi ya chini ya boksi.

Mawe yote mawili nimeyakausha kivulini na kuyarudisha kwenye maboksi yake. Alama za penseli kwenye lile la asili sikuzifuta, ili fundi wenu azione mwenyewe.

Wako katika biashara,

Kinyozi na mteja wenu,
Tanga