Barua kwa Zaituni: karatasi yako ya Kiingereza inapima nini?

Mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi, mwenzangu. Rasimu ya mtihani imenifikia salama. Nimeisoma kwanza kama mwalimu, kisha nikairudia nikijifanya mwanafunzi anayetaka alama bila kutoka jasho. Huyo wa pili ndiye aliyenifanya niandike barua ndefu hivi, kwa hiyo tafuta mahali pazuri pa kukaa.

Nianze na ufahamu wa kusoma, maana hapo ndipo mwanafunzi wangu mvivu alipojizolea alama. Soma sentensi hii, wala usihangaike na kamusi, maneno yake makubwa nimeyatunga mwenyewe: "The borvel snicked two grints under the mollow." Haya, jibu: What did the borvel snick? Where did it snick them? How many grints were there? Umepata tatu kwa tatu, na hujui kama borvel ni mnyama au ni fundi bomba. Maswali yako sita ya mwanzo ni ya ukoo huohuo. Mtoto analiona neno kuu kwenye swali, analisaka kwenye kifungu, ananakili sentensi nzima, tiki. Macho yamefanya kazi, akili imepumzika.

Sisemi uyafute yote. Kutafuta taarifa haraka nako ni stadi, tena mtoto aliyeingia chumba cha mtihani akitetemeka anahitaji swali moja au mawili ya kumpa moyo. Lakini karatasi nzima ikiwa hivyo, utakuwa umepima unakili. Tazama sentensi yako hii, ambayo ni tajiri kuliko swali uliloitungia: "Anna put the umbrella back behind the door and went out with her arms bare." Wewe umeuliza mwavuli uliwekwa wapi. Mimi ningeuliza hali ya hewa ilikuwaje, na umejuaje. Mvua haikutajwa, baridi haikutajwa. Mtoto lazima atambue kwamba Anna alikwisha kuuchukua mwavuli kisha akaurudisha, halafu aunganishe na mikono iliyoachwa wazi. Hapo hakuna cha kunakili.

Na kwenye mwongozo wa usahihishaji, tafadhali, kubali jibu lolote lenye maana hiyo. Umeandika kwamba kosa la tahajia linakatwa nusu alama. Kwa nini? Insha ina sehemu yake, sarufi ina sehemu yake. Mtoto aliyeandika "it was not rainning" ameelewa, na swali lilikuwa la kuelewa. Ukimkata hapo, alama yake inakuwa mchanganyiko wa vitu viwili ambao hata wewe mwenyewe hutaweza kuuchambua baadaye.

Kuna jaribio jingine nililifanya kwenye maswali yako ya kuchagua, yale ya kifungu cha nyuki. Nilimpa mpwa wangu maswali, kifungu nikakificha. Akapata zaidi ya nusu! Kwa machaguo manne, bahati tupu ingempa robo. Nilipomuuliza amewezaje, alinijibu bila aibu: kwamba nyuki hutengeneza asali anajua tangu utotoni, jibu refu kuliko mengine mara nyingi ndilo lenyewe, na chaguo lenye "always" au "never" yeye hulikata moja kwa moja. Ana akili ya mtihani mtoto yule, lakini ufahamu wa kusoma hakuonyesha hata chembe, kwa sababu hakusoma. Kila swali linalojibika bila kifungu liondoe au liandike upya. Machaguo yalingane urefu, na kila jibu lisilo sahihi liwe la kumvutia mtu aliyesoma akaelewa vibaya, si mtu aliyelala. Tena hulazimiki kuwa na machaguo manne. Mtafiti Michael Rodriguez alikusanya mwaka 2005 matokeo ya tafiti za miaka 80 kuhusu jambo hili, akaona machaguo matatu yanatosha. Mimi nimekubaliana naye tangu nianze kutunga maswali, maana lile chaguo la nne siku zote hulitunga saa tano usiku likiwa halina kazi.

Suala la ujuzi wa awali ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1988, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane huko Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wale wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa na kuikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Na hao walikuwa wanasoma lugha yao wenyewe! Sasa wewe umeweka kifungu kimoja kirefu cha volkano, kinachobeba nusu ya alama zote. Mwenye kupenda jiografia ameshapita. Vunja hicho kirefu, weka vifungu vitatu vifupi vya mambo yasiyofanana: barua, tangazo, kisa kidogo. Anayenufaika na mada moja asinufaike na zote.

Na msamiati wake uhesabu. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi vizuri bila msaada. Kwa kifungu cha maneno 300, hayo ni maneno sita tu mageni. Kwenye volkano yako nimepiga mstari chini ya maneno zaidi ya hayo kabla sijamaliza aya ya pili, na najaribu kusoma kwa macho ya mtoto wa kidato cha pili. Ukizidi hapo, mtoto hasomi tena, anakisia.

Sasa usikilizaji, na hapa nina ugomvi nawe mkubwa zaidi.

Umechukua ukurasa wa kitabu ukapanga kuusoma kwa sauti. Huo ni mtihani wa kusoma ulioazima masikio. Lugha ya maandishi imefungwa kwa sentensi ndefu kwa sababu msomaji anaweza kurudi nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi. Watu wakizungumza husita, hurudia, hujisahihisha, na hiyo ndiyo lugha ambayo sikio hukutana nayo. Sikiliza mfano huu: "Let's meet at four. Oh no, the library closes at four. Make it three." Hakuna neno gumu hata moja, kidato cha kwanza wanayajua yote. Muulize mtoto watakutana saa ngapi. Anayedaka namba ya kwanza ataandika nne ya Kiingereza na kuweka kalamu chini. Anayefuata mazungumzo atasubiri. Umewatenganisha bila kumtesa yeyote kwa msamiati.

Halafu kuna hii tabia yetu walimu ya kuhurumia. Tukisoma mbele ya darasa tunatamka neno mojamoja, tunapumua kila baada ya maneno matatu. Kwenye mazungumzo halisi "did you" husikika kama neno moja, na "can" isiyokaziwa karibu imezwe yote. Kugundua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi ndiyo kazi yenyewe ya msikilizaji. Ukimkatia maneno vipandevipande, umeshamfanyia mtihani. Rekodi watu wawili wakiongea kwa mwendo wa kawaida. Kama mwendo huo ni mkali kwa darasa lako, ongeza vituo kati ya sentensi, usiyavute maneno yenyewe.

Kuna zoezi dogo ambalo ningependa ulifanye hata kabla ya mtihani, kwa watoto wale ambao hujui wanakwama wapi. Wasikilizishe rekodi, wajibu. Kisha wape maandishi ya rekodi ileile, wajibu tena kwa kalamu ya rangi nyingine. Anayepata mengi zaidi baada ya kuona maandishi, Kiingereza anakijua, tatizo ni sikio. Huyo mpe mazoezi ya kusikiliza sentensi fupi huku akifuata kwa macho. Asiyebadilika hata akiona maandishi, shida yake ni lugha yenyewe, msamiati au sarufi, na hata ukimchezea rekodi mara kumi haitamsaidia. Na yupo wa tatu, ambaye watu humsahau: anayejibu vizuri akisikia, na vibaya akisoma. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walieleza kwamba usomaji una nguzo mbili, kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha, na moja ikianguka nyingine haitoshi. Mtoto wa namna hiyo nguzo yake ya pili imesimama, ya kwanza ndiyo inayopepesuka. Ukijumlisha alama za kusoma na za kusikiliza ukaandika tarakimu moja kwenye ripoti, hawa watatu wanaweza kutoka sawa kabisa. Ndiyo maana nakuomba alama za sehemu hizi mbili ziandikwe kila moja peke yake, hata kama fomu ya shule inataka jumla.

Maswali wapewe kabla ya rekodi, na dakika ya kuyasoma. Ukiyatoa baada ya kusikiliza unapima kumbukumbu, na swali lako la jina la mbwa wa jirani hata mimi lilinishinda. Yafuate mpangilio wa rekodi, yawe na nafasi kati yake, mtoto asije akakosa la nne kwa sababu alikuwa bado anaandika la tatu. Majibu yawe mafupi, neno moja au alama ya tiki.

Uliuliza wasikie mara moja au mbili. Mitihani mikubwa ya kimataifa ya Kiingereza yenyewe haikubaliani: IELTS inachezwa mara moja, B2 First ya Cambridge mara mbili. Wapo wanaosema maisha hayarudii. Mimi naona maisha hurudia sana, mtu akikosa kusikia huuliza "unasemaje?", na kwenye mtihani mtoto hana wa kumuuliza. Kwa vidato vya chini weka mara mbili. Mlango ukibamizwa katikati ya rekodi, au mmoja akipatwa na kikohozi, hiyo mara ya pili itakuokoa na malalamiko. Na nenda ukae dawati la nyuma kabisa, dirisha likiwa wazi, usikie spika yako inavyosikika pale. Aliye mbele na aliye nyuma wasifanye mitihani miwili tofauti.

Nimeona umeiondoa imla kwa kuona ni ya kizamani. Ni ya kizamani kweli: mtihani wa Kiingereza ulioanzishwa na Cambridge mwaka 1913 ulikuwa nayo, pamoja na tafsiri na fonetiki, ukachukua kama saa 12 kwa jumla, ukawa na watahiniwa watatu, wote wakafeli. Lakini imla haikuwa na hatia. Ukiisoma neno kwa neno inakuwa mtihani wa tahajia. Ukiisoma kwa mafungu ya maneno saba au manane, mtoto hawezi kuyabeba kichwani kama sauti tupu, lazima ayashike kwa maana na sarufi. Aya moja fupi inatosha, na ni rahisi kuandaa siku umeme umekatika.

Kuhusu kuuliza maswali kwa lugha ya watoto wenyewe: kanuni zenu zikiruhusu, fanya hivyo kwa vidato vya chini. Swali likiwa gumu kuliko kifungu, hujui ni kipi kimemshinda.

Ukishasahihisha usiyafungie makaratasi kabatini. Chukua kumi ya juu na kumi ya chini, pitia swali moja moja. Swali ambalo tisa wa juu wamelipata na watatu wa chini wamelipata lina tofauti ya 0.6 (tisa kutoa tatu, ugawe kwa kumi), ni swali zuri, litunze. Walilopata wote ishirini halikukuambia kitu. Na ukikuta wanne wa juu wamelipata dhidi ya saba wa chini, usiwalaumu watoto, angalia jibu lako kwenye mwongozo, huenda wale hodari wameona kitu ambacho wewe hukukiona. Kazi yote hiyo ni ya jioni moja na kikombe cha chai.

Nirudishie rasimu kabla hujaipeleka kuchapwa, nitaipitia usiku huohuo. Nyuki wabakize, ila maswali yabadilike. Volkano mpe mwalimu wa jiografia. Na kama huna mtu wa pili wa kurekodi naye yale mazungumzo, nipigie, nipo, ila unitumie mapema tuone kama yanatamkika.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwenzako,
Salma