Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: lile friji la getini

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Mimi ni dereva wa bajaji na mpiga kura wako. Barua mbili nilizoacha ofisini kwako sijui zimefungiwa maandazi, maana jibu sijaliona. Hii ya tatu, kuhusu friji la enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, lililoko getini kwa shule, naiweka hadharani, uniwie radhi.

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu nikiwa na abiria Mwenge. Nikafika shuleni, nikamkuta mwanangu wa darasa la saba kwenye benchi, mikono inatetemeka hata kikombe cha maji hakishikiki. Nikamwekea kiganja kifuani: moyo unakwenda kama cherehani ya fundi mwenye tenda ya sare. Saa tisa alasiri, kabla ya masomo ya ziada, alikunywa chupa mbili za enaji. Jero jero, yaani mia tano kila chupa, kutoka friji la getini. "Inatoa usingizi, baba, halafu inatia akili."

Zahanati walimpima: kilo 31. Muuguzi, Mungu ampe maisha marefu, akanifundisha nisichofundishwa popote. Tangu mtu anapoamka, ubongo unajaza kitu kinaitwa adenosini, na kadiri kinavyozidi ndivyo usingizi unavyobisha hodi. Kafeini, ile iliyomo kwenye enaji, imefanana nacho umbo, basi inakiwahi siti. Adenosini haijashuka, Mheshimiwa. Imesimama tu kama abiria wa Gongo la Mboto jioni, inasubiri siti iachwe. Kwa hiyo uchovu uko palepale, mtoto ndiye hausikii. Na kwa mtu mzima huchukua kama saa tano kafeini kupungua nusu tu. Ndiyo maana usiku ule alikodolea dari macho mpaka karibu na adhana.

Nikarudi kusoma lebo. Miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, na chupa ni mililita 300. Chupa mbili, miligramu 192. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walishasema mwaka 2015 kwamba kwa mtoto, kiasi kisichotia wasiwasi kwa siku ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mwanangu wa kilo 31 ni miligramu 93. Chupa moja tu imeshapita! Sukari ni gramu 66 kwa chupa mbili, vijiko vya chai kama 16, na nyumbani akitia vitatu kwenye chai tunagombana.

Hayo mengine yaliyoandikwa kwa herufi za kung'aa ni mapambo. Vitamini B husaidia mwili kutoa nguvu kwenye chakula, zenyewe si nguvu, na nyingi zinazozidi zinaishia chooni. Taurini nayo kijiweni wanaapa ni mbegu za dume la ng'ombe. Uongo mtupu. Ilipatikana mara ya kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe, mwaka 1827, jina likabaki hukohuko. Mwili wa binadamu unaitengeneza wenyewe.

Sijifanyi malaika. Usiku nikikimbiza hesabu ya bosi nami naipiga moja. Lakini mimi nina kilo 78 na ndevu. Siku ile hesabu haikutimia, ya kesho yake pia, na bosi hajali moyo wa mtoto wa mtu.

Nakukumbusha tu: wakati wa kampeni, ukiwa umesimama juu ya meza ya muuza chipsi, ulisema, "Getini kwa shule yetu hapatauzwa sumu." Tukapiga vigelegele. Mwezi haukuisha, friji likaja, jipya, limepakwa matangazo pande zote. Watu wanasema mwenye duka alikuchangia fulana. Mimi sijui. Labda umesahau tu, labda huwa unapita pale vioo vimefungwa.

Lithuania walipiga marufuku mwaka 2014 kuwauzia enaji walio chini ya miaka 18. Mimi sikuombi sheria ya nchi nzima, wala semina, wala kamati ya kufuatilia. Naomba friji liondoke getini. Liende stendi, liende kijiweni kwetu wazee, popote. Getini, hapana.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi namshusha mwanangu pale. Nitaangalia kama bado lipo.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Dereva wa bajaji, Dar es Salaam